Sura ya Saba: Rais Tusiyempigia Kura

Kiyeyi hakuna sanduku la kura la Marekani. Mkazi wa huku, wilayani Tororo, humchagua mwenyekiti wa kijiji, diwani, mbunge na rais wa Uganda. Jamaa yake aliyevuka mpaka akaishi Busia ya Kenya humchagua MCA (mjumbe wa bunge la kaunti), gavana na rais wa Kenya. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 sasa, maswali makubwa ya afya ya nyumba hizi mbili yamekuwa yakijibiwa na watu waliochaguliwa Ohio, Texas na Pennsylvania. Je, nyumba itapulizwa dawa ya mbu? Mama atapata vidonge vyake vya Ukimwi? Mtoto atazaliwa bila virusi? Kwa hiyo siasa za Marekani nazizungumza kama ninavyozungumza siasa za kata yangu. Ni habari za nyumbani, ingawa wanaoziamua hawajui kwamba nyumba yetu ipo.

Hoja yangu katika sura hii ni moja: yaliyotupata tangu Januari 2025 yanatufundisha machache kuhusu Donald Trump na mengi kuhusu serikali zetu wenyewe.

Pikipiki za Tororo

Tuanze na wema, maana ulikuwapo. Tarehe 28 Januari 2003, katika hotuba yake ya kila mwaka mbele ya Bunge, Rais George W. Bush aliomba dola bilioni 15 za kupambana na Ukimwi kwa miaka mitano. Mpango huo ndio uliokuja kuitwa PEPFAR. Julai mwaka huohuo akatua Entebbe, akaenda kwenye kituo cha TASO, shirika ambalo Noerine Kaleeba na wenzake walilianzisha mwaka 1987, siku ambazo mgonjwa wa Ukimwi alikimbiwa hata na ndugu zake.

Si wote Washington walioamini kwamba dawa zingefaa kitu huku kwetu. Mwaka 2001 Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, alidai hadharani kwamba Waafrika wengi hawajapata kuona saa maishani mwao, kwa hiyo wasingeweza kumeza dawa kwa wakati unaotakiwa. Maneno hayo hayakusemwa na mlevi wa kilabuni. Yalisemwa na mtu aliyeshika mfuko.

Tororo ilimjibu kwa vitendo. Kuanzia 2003, TASO pamoja na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, waliendesha mradi wa kuwapelekea wagonjwa dawa nyumbani katika vijiji vya Tororo na Busia ya Uganda. Vijana wasio madaktari wala wauguzi walifunzwa, wakapewa pikipiki, na kila wiki wakapita nyumba kwa nyumba wakikabidhi vidonge na kuuliza maswali yaleyale: una homa? Unakohoa? Kuna dozi uliyoiruka? Asiye na saa alikuwa na redio, kengele ya shule na jua. Wagonjwa waliotibiwa walikuwa kama elfu moja. Matokeo yalipochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2008, yalionyesha kwamba vifo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90 vikilinganishwa na vya kabla ya matibabu.

Kila tunapozungumza misaada, nataka msomaji aikumbuke Tororo hiyo. Fedha zilitoka Washington. Lakini aliyejua njia ya kukwepa tope la Aprili, aliyeweza kubisha hodi kwa Kidhopadhola, kwa Kiteso au kwa Kisamia, na aliyejua ni nyumba ipi mgonjwa anaficha vidonge ili mumewe asivione, huyo alikuwa mtu wa huku. Serikali ya Marekani husema PEPFAR imeokoa maisha ya watu milioni 25 duniani. Sina sababu ya kuibishia. Naongeza tu kwamba sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na vijana wa Tororo.

Mpaka uliochorwa na bajeti

Malaria nayo ina hadithi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba mkazi wa Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya mara moja kila usiku, Krismasi na Idi zikiwamo. Mwaka 2005 Bush akaanzisha mpango wa malaria wa rais wa Marekani, na mnamo Desemba 2014 wapulizaji wakaanza kupita katika nyumba za Tororo na mabomba yao mgongoni. Wodi za watoto zilizokuwa zikilaza wawili watatu kitanda kimoja zikapata nafasi. Watafiti waliokuwa wakifuatilia familia za Nagongera waliona malaria ikishuka kwa kiwango ambacho huku hakikuwa kimewahi kuonekana.

Busia ya Uganda, wilaya inayopakana na Tororo, haikuwamo kwenye mpango wa kupuliza. Kwa hiyo ukawapo mpaka mwingine, mbali na ule wa Kenya na Uganda: upande huu nyumba zimepulizwa, upande ule hazijapulizwa, na mbu hajui wilaya. Mpaka huo haukuchorwa na Waingereza wala na Bunge la Kampala. Ulichorwa na ukubwa wa bajeti. Mwaka 2020 dawa ya kupuliza ilipobadilishwa, malaria ikapanda tena Tororo, na wanasayansi wakawa na kazi ya kueleza sababu. Mafanikio yote ya miaka ile yalikuwa yakitegemea dawa ipi imeagizwa, lini, na kwa fedha za nani.

Amri za Januari

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa kwa mara ya pili, Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku nne baadaye mashirika yakaandikiwa kuacha kazi. Ikaja ruhusa ya huduma za kuokoa maisha, lakini wakati huo watu walikuwa wamekwisha kuachishwa kazi na magari yamefungiwa. Mapema Februari, Elon Musk, bilionea aliyepewa na Trump kazi ya kukata matumizi ya serikali, alijigamba mtandaoni kwamba amemaliza wikendi akiitia USAID kwenye mashine ya kusaga miti. Tarehe 26 mwezi huo alikiri mbele ya baraza la mawaziri kwamba walikuwa wamekata kwa bahati mbaya kazi ya kuzuia Ebola, akasema wameirudisha. Uganda ilikuwa imetangaza mlipuko wa Ebola mjini Kampala tarehe 30 Januari. Neno «bahati mbaya» huku lilisikika vingine.

Machi 10, waziri wa mambo ya nje Marco Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Julai mosi, shirika ambalo John F. Kennedy alilianzisha mwaka 1961 likafungwa rasmi. Katikati ya Machi hata Sauti ya Amerika ilinyamazishwa, pamoja na Idhaa yake ya Kiswahili, ambayo kwa miongo mingi wazee wa mpakani waliifungulia redio jioni. Kwa hiyo habari za kukatwa kwa misaada ya Marekani hatukuzipata tena kutoka redio ya Marekani.

Mzee mmoja wa Kiyeyi, anayemeza dawa tangu enzi za pikipiki, aliniuliza, «Mwanangu, huyu Trampu tulimkosea nini?»

Nikamjibu, «Mzee, hatukumkosea. Yeye hatujui kabisa.»

Akatikisa kichwa. «Basi ni vibaya zaidi. Mtu akikukasirikia unaweza kumwomba radhi.»

Februari hiyo Wizara ya Afya ya Uganda iliagiza kliniki za Ukimwi zilizokuwa zikijitegemea ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Kwenye karatasi ni uamuzi wa busara. Huenda ulipaswa kufanyika zamani. Kwenye benchi la kituo cha afya ni jambo jingine. Mtu aliyekuwa na kliniki yake, muuguzi anayemjua na siku yake ya mwezi, sasa anapanga foleni na jirani mwenye jino linalomuuma, na jirani ana macho. Wapo waliochagua kuikosa dawa kuliko kuonekana. Kuunganisha huduma kunataka maandalizi, faragha na wauguzi wa kutosha. Huku kulifanywa kwa sababu mfuko umefungwa.

Kwa nini walikubali

Ni rahisi kusema Wamarekani ni wakatili. Mimi sisemi hivyo. Kura za maoni za nchini mwao zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba raia wa kawaida hudhani misaada ya nje inakula kama robo ya bajeti ya taifa. Ukweli ni kwamba ni takriban asilimia 1 tu. Sasa mfikirie dereva wa lori wa Ohio ambaye kiwanda cha mjini kwake kimefungwa na bima yake ya afya haimtoshi. Akiambiwa robo ya kodi yake inakwenda ng'ambo, atampigia makofi yeyote atakayeahidi kuikata. Ningekuwa yeye, nikaamini hivyo, ningepiga makofi pia.

Na sisi je? Tulikuwa tukijua Wamarekani ni matajiri, basi. Wengi hatukujua kwamba katiba yao inalipatia Bunge, badala ya rais, mamlaka ya kutenga fedha, na kwamba fedha zilizozuiwa zilikuwa zimekwisha kupitishwa na wabunge. Mashirika yalikwenda mahakamani. Tarehe 5 Machi 2025, majaji watano wa Mahakama ya Juu dhidi ya wanne walikataa kuizuia amri ya kulipa kazi iliyokwisha kufanywa. Septemba, mahakama hiyohiyo ikairuhusu serikali izuie kama dola bilioni 4 zilizoidhinishwa na Bunge. Wanasheria wataendelea kubishana miaka mingi. Kesi husubiri, dozi ya jioni haisubiri.

Mwalimu amekaa dawati letu

Kwa miaka mingi balozi wa Marekani, awe Kampala au Nairobi, alikuwa na desturi ya kutoa tamko baada ya kila uchaguzi: kura zihesabiwe kwa uwazi, vyombo vya usalama vijizuie. Upinzani ulimshangilia, serikali ikamwambia afunge mdomo. Tarehe 6 Januari 2021 wafuasi wa Trump walivamia Bunge lao kupinga matokeo, na siku nane baadaye Uganda ikapiga kura huku intaneti imezimwa. Mpakani watu walitania kwamba safari hii waangalizi watoke Busia waende Washington. Utani huo ulikuwa na uchungu ndani yake. Julai 2025 wizara ya Rubio ikawaagiza mabalozi wasitoe maoni kuhusu uhalali wa chaguzi za nchi nyingine, isipokuwa pale maslahi ya Marekani yanapodai hivyo. Mwalimu ameweka chaki chini.

Mengine tuliyatambua bila kufafanuliwa. Trump alisema Machi 2025 kwamba hatanii anapozungumzia muhula wa tatu, ingawa katiba yao inaukataza tangu 1951. Wimbo huo Uganda tunaujua kwa mashairi yote: kikomo cha mihula kiliondolewa mwaka 2005, cha umri mwaka 2017, na Januari 2026 Yoweri Museveni akatangazwa mshindi wa muhula wa saba. Tuliona maafisa wa uhamiaji wa Marekani, nyuso zimefunikwa, wakiwatia watu kwenye magari yasiyo na alama. Uganda magari kama hayo tuliyaita «drone» wakati wafuasi wa upinzani wakizolewa kuelekea uchaguzi wa 2021. Kenya, baada ya maandamano ya Juni 2024, jina la kutisha lilikuwa Subaru. Na kuhusu kumvusha mtu mpaka bila ridhaa yake, Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alitekwa Nairobi tarehe 16 Novemba 2024, akaonekana siku nne baadaye mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala.

Kisha Agosti 2025 Uganda ikathibitisha makubaliano ya kupokea watu wanaofukuzwa Marekani ambao si raia wa Uganda. Kilmar Abrego Garcia, mzaliwa wa El Salvador, akatishiwa kupelekwa Uganda, nchi ambayo hana ndugu wala kaburi. Wakati huohuo, kuanzia tarehe 1 Januari 2026, fedha taslimu zinazotumwa nje kutoka Marekani zinatozwa kodi ya asilimia 1. Mtu wetu akituma karo ya mdogo wake, anakatwa. Mtu wasiyemtaka, tunaletewa.

Watoto wa huku waliofika kule

Lazima nizungumzie pia furaha zetu. Jopadhola wa Tororo na Wajaluo wa Kenya ni ndugu wa asili moja, kwa hiyo Novemba 2008, Barack Obama aliposhinda, Tororo ilidai sehemu yake ya sherehe bila kuomba ruhusa Siaya, kwao baba yake. Rais Mwai Kibaki alitangaza Novemba 6 kuwa siku ya mapumziko Kenya nzima. Miaka mitatu baadaye Trump alijijengea jina la kisiasa kwa kueneza uongo kwamba Obama hakuzaliwa Marekani. Fahari yetu ya ukoo ilikuwa ndiyo silaha ya adui zake.

Novemba 4, 2025, New York ilimchagua Zohran Mamdani kuwa meya. Amezaliwa Kampala mwaka 1991, mtoto wa Mahmood Mamdani, msomi ambaye mwaka 1972 Idi Amin alimfukuza pamoja na Waasia wengine. Maduka yaliyoachwa na Waasia hao yalikuwa yamejaa mitaa ya Tororo pia. Watu walishangilia, nami nilishangilia. Lakini fanya hesabu. Mamdani alipozaliwa, Museveni alikuwa na miaka mitano madarakani. Mtoto yule amekua, amehama, amesoma, amekuwa raia wa nchi nyingine mwaka 2018, na akiwa na miaka 34 ameushika mji mkubwa kuliko yote Marekani. Museveni bado yupo palepale. Kabla hatujajivunia kwamba Uganda imeipa New York meya, tujiulize kijana wa Kiyeyi mwenye akili kama ile angefika wapi bila kuondoka.

Hapo ndipo nashindwa kuungana na wanaosema Marekani imekwisha. Nchi ileile iliyomrudisha Trump ilimchagua Mamdani mwaka mmoja baadaye, na wote wawili kwa kura zilizohesabiwa intaneti ikiwa inafanya kazi. Mwalimu amekosea sana, ila bado daftari lake liko wazi.

Hesabu yetu

Aprili 2001, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kenya ilikuwamo. Uganda ilikuwamo. Robo karne imepita, na nchi zote mbili zimebaki mbali na asilimia hiyo. Hawakulazimika kuifikia, maana pengo lilikuwa likijazwa na mpiga kura wa Ohio. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ya Washington iliua nyoka wengi, hilo halikanushiki, lakini mwenye fimbo anaweza kuondoka nayo siku yoyote anayotaka, na ni haki yake.

Desemba 2025 serikali zetu zilitia sahihi mikataba mipya ya afya na Marekani. Kenya iliahidiwa hadi dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano, nayo iongeze dola milioni 850 za kwake. Siku chache baadaye Uganda ikaahidiwa hadi dola bilioni 1.7, nayo iongeze takriban milioni 500. Mahakama Kuu ya Nairobi ilisimamisha haraka sehemu inayohusu kupeana taarifa za wagonjwa, na ilifanya vyema: jina la mgonjwa wa Busia si bidhaa ya kubadilishana na dola. Lakini lililo kubwa kwa mtu wa mpakani ni hili. Fedha nyingi ambazo zamani zilipitia mashirika sasa zimekusudiwa kupitia serikali zetu, na mwaka baada ya mwaka sehemu ya Marekani itapungua huku yetu ikipaswa kukua. Zamani dawa ikikosekana tuliulizana mfadhili amekwenda wapi. Sasa tutamuuliza nani?

Tutamuuliza tuliyempigia kura. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka kaunti isikilize wananchi kabla ya kupitisha bajeti. Mtu wa Busia aende kwenye vikao hivyo, hata kama kiti ni cha plastiki na mkutano unaanza saa tatu baada ya muda uliotangazwa. Uganda husoma bajeti yake kila Juni, na kabla ya hapo kila wilaya hufanya kikao cha kupanga. Mtu wa Tororo asikiache kwa makandarasi peke yao. Maswali ni machache: vidonge vya Ukimwi vimetengewa shilingi ngapi mwaka huu? Kupuliza nyumba kumetengewa ngapi, na Busia ya Uganda imo au imeachwa tena? Wahudumu wa afya wa kijiji, warithi wa vijana wale wa pikipiki, watalipwa na nani? Kenya inapiga kura Agosti 2027. Mgombea asiyeweza kuyajibu maswali hayo kwa tarakimu asipewe kura, hata akija na kofia, unga na fulana.